Mkasi Katikati ya Ubeti

Kina cha kati hakikatiki.

Mmeisikia leo kwa Sheikh Mwinyimkuu, alipokuwa anawasuluhisha mjomba wenu na mtalaka wake, mkaja mbio kuniuliza mimi, kama kwamba Sheikh hana mdomo wa kuwajibu. Lakini afadhali mmekuja. Sheikh anaijua methali, mimi najua ilikotoka, na hayo ni mambo mawili. Kaeni. Hidaya, weka hiyo simu chini, haina miguu ya kukukimbia. Na wewe Jumbe, kaa kitako, usijilaze mbele yangu kama mwenye homa. Methali hii hawakuileta wahenga mnaowasingizia kila kitu. Ilizaliwa hapa hapa Tanga, hapa hapa Ngamiani, mbele ya macho yangu haya haya, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Kwanza niwaulize. Ubeti mnaujua? Haya, nyamazeni, hamuujui. Shairi la kwetu kila mshororo wake una vipande viwili. Kipande cha mbele ni ukwapi, cha nyuma ni utao. Ukwapi unaishia kwa sauti fulani, na sauti hiyo inarudi mwisho wa kila ukwapi mpaka ubeti uishe. Hicho ndicho kina cha kati. Kinakaa katikati ya mshororo, huku ukwapi, huku utao, na kimeshika pande zote mbili. Kitoe, uone kama utabaki na shairi. Hayo yanatosha kwa leo, mengine kamuulizeni mwalimu wenu, maana analipwa.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mitano, fundi wa kushona, na cherehani yangu ilikuwa barazani Barabara ya Nane. Nyumba ya pili, ukuta mmoja na yangu, alikaa Maalim Mbaruku bin Shomari na mkewe, Bi Mwantumu binti Kidege. Maalim alikuwa mwalimu wa shule, mrefu, mwenye hati nzuri kuliko mtu yeyote mjini. Bi Mwantumu hakusoma zaidi ya darasa la nne na chuo cha Kurani, lakini alikuwa na sikio. Mtu akikosea mizani moja tu, moja, yeye anashtuka kama aliyekanyaga mwiba.

Walijuana kwa mashairi. Maalim alipokuwa kijana alitoa shairi gazetini, akijitapa kwamba hakuna wa kumjibu pwani nzima. Baada ya wiki mbili akajibiwa na mtu aliyejiita Mtoto wa Pangani, na akajibiwa vibaya sana. Akaandika tena, akapigwa tena. Mara ya nne akafunga safari mpaka Pangani kumtafuta huyo bwana ampe mkono. Akaelekezwa nyumba, akabisha hodi, akatoka msichana ana unga wa mchele mpaka viwikoni.

"Namtafuta Mtoto wa Pangani," Maalim akasema.

"Umeshampata," akajibiwa. "Subiri ninawe."

Yakaisha hapo. Posa ilikwenda mwezi ule ule.

Wallahi, nyumba ile ilikuwa raha. Mume yuko barazani, mke yuko jikoni, na katikati ni shairi. Siku moja mgeni alikaa mpaka njaa ikamtoa jasho. Maalim akapaza sauti: "Mgeni hajala kitu." Kutoka jikoni ikaja: "Chungu kingali mekoni." Maalim: "Asije akathubutu." Jikoni: "Kuinuka barazani." Mgeni akacheka mpaka akasahau njaa. Hivyo ndivyo walivyotunga yote. Ukwapi wa mume, utao wa mke. Watu walikuja kutoka mashamba ya mkonge na kutoka Muheza kutaka mashairi ya harusi, ya kuagana, ya kuombana radhi. Maalim aliyaandika yote, kwa ile hati yake, katika daftari moja kubwa la jalada jeusi. Aliandika upande mmoja tu wa karatasi kwa sababu wino wake ulikuwa unavuja. Na hati yake ilikuwa pana. Kila mara neno la mwisho la ukwapi lilivuka katikati ya ukurasa.

Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Saumu. Jina hilo alipewa kwa sababu alizaliwa mwezi wa Ramadhani. Mtoto yule alihesabu mizani kwa vidole kabla ya kujifunza kuhesabu kitu kingine chochote. Alipofika miaka kumi na minane alikuwa ameajiriwa ofisini kupiga taipu, na kila Ijumaa akiwasomea wazazi wake mashairi ya wiki, nao wakimkosoa wote wawili kwa mpigo. Masikini, alidhani kila nyumba iko hivyo.

Sasa sikilizeni balaa lilivyoingia. Redio ilitangaza mashindano ya ushairi. Maalim alichagua shairi zuri kuliko yote, akalipeleka, na chini akaandika jina moja. Lake. Bi Mwantumu hakuambiwa. Siku ya matokeo alikuwa kwangu kupima gauni, na redio yangu iko wazi. Nikasikia shairi linasomwa, nikamwona anatabasamu, midomo yake inafuatisha utao wake neno kwa neno. Halafu mtangazaji akasema: hilo ni shairi la Maalim Mbaruku bin Shomari wa Tanga, mshindi wa kwanza. Basi. Mtunzi mmoja. Tabasamu likamwisha usoni nikiliangalia. Akavua lile gauni taratibu, akalikunja, akaniwekea juu ya meza, akaondoka.

Ukuta wetu ulikuwa mwembamba, na mimi sikuziba masikio. Maalim aliporudi nilisikia yote.

"Maalim, utao wangu umesomwa kwa jina lako."

"Kwani jina langu si ndilo lako?"

"Kama ni hivyo, ungepeleka langu. Si ndilo lako?"

Hapo alitakiwa aseme nimekosa. Neno moja tu, mizani nne! Lakini mwanamume mwenye zawadi mkononi na majirani wanampigia makofi, ulimi wake unakuwa mzito. Akasema kwamba nyumba ina mlango mmoja, na watu wanaingilia huo. Bi Mwantumu akasema basi yeye atatokea dirishani. Wakanuniana mwezi, wakanuniana miezi mitatu. Barazani kimya, jikoni kimya. Mwisho mke akadai talaka, na mume kwa kiburi akaandika. Talaka yenyewe ilikuwa na hati nzuri mpaka mzee aliyeisoma akaisifu kwanza, ndipo akashtuka. Ilikuwa talaka moja, wangeweza kurejeana, lakini eda ilikwisha na hakuna aliyepiga hodi kwa mwenzake. Bi Mwantumu akahamia Barabara ya Kumi na Tatu.

Siku ya kugawana vyombo walikuja kaka yake Bi Mwantumu na imamu wa msikiti wetu. Sufuria hazikuleta maneno, kitanda hakikuleta maneno. Likabaki daftari.

Maalim akasema, "Kila mtu achukue chake. Ukwapi ni wangu, utao ni wake."

"Barabara," Bi Mwantumu akasema. "Na uletwe mkasi."

Wakanigongea ukuta. Mimi, Mungu anisamehe, nilikwenda na mkasi wangu nikidhani wanataka kukata kamba ya mzigo. Imamu akanieleza. Nikalifungua lile daftari, nikatazama, nikasema, "Jamani, maneno yamevuka katikati. Mkasi utapita juu ya vina."

"Kina ni changu," Maalim akasema, "ndicho kinachofunga ukwapi."

"Kina ni changu," Bi Mwantumu akasema, "nani aliyekuwa anakitafuta? Wewe ulikuwa unatupa neno lolote, mimi ndiye niliyekuwa nikikwambia hili linakaa na hili halikai."

Wakabishana mpaka mishipa ikawatoka. Imamu alichoka, akasema basi, pita katikati, kila mtu apate nusu ya kina. Ningekataa. Naijua njia ya kukataa, nimekataa mambo mengi maishani. Siku ile sikukataa. Mkono wangu ulikuwa unasifika kwa kukata bila kupinda, nami nikaukata ukurasa wa kwanza, na wa pili, mpaka tisini na sita. Nusu kulia, nusu kushoto. Hakuna aliyelia. Hilo ndilo lililonitia hofu.

Saumu alikuwa kazini. Jioni akapita kwangu, uso umemshuka.

"Nani amekata?"

"Mimi, mwanangu."

Akanitazama, akaenda zake. Mwezi mzima hakunisalimia. Alikuwa analala kwa mama yake Barabara ya Kumi na Tatu, Ijumaa anakwenda kwa baba yake Barabara ya Nane, anapita mbele ya cherehani yangu ananiona kama nguzo.

Kisha ikaja barua kwa Maalim. Mpiga chapa mmoja wa Dar es Salaam alilisikia shairi lile redioni, anataka kitabu kizima, na kimfikie kabla ya Idi. Maalim akatoa nusu zake kabatini, akatazama ukwapi mtupu, kurasa tisini na sita. Ijumaa ilipofika akamweka Saumu mbele yake.

"Mwanangu, una mkono wangu na sikio la mama yako. Niandikie utao mpya. Kitabu kitakuwa chetu, mimi na wewe. Na mama yako asijue."

Bi Mwantumu naye si mjinga, habari ya barua ilimfika. Jumapili akatoa nusu zake.

"Niandikie ukwapi mpya, mwanangu. Tutakipeleka mimi na wewe, tumtangulie. Na baba yako asijue."

Mnaona hapo? Mtoto kaambiwa amfute baba yake kwa amri ya mama, na amfute mama yake kwa amri ya baba. Na kila mmoja anamwambia kwa mapenzi, huku anamshika kichwa na kumwita mwanangu. Akimkataa baba, amemwacha baba. Akimkataa mama, amemwacha mama. Saumu hakukataa wala hakukubali. Alipokea nusu za baba, akapokea nusu za mama, akatia zote ndani ya mkoba wa ukindu, akaja kwangu, akasimama mbele ya cherehani.

"Bi Mwajabu," akasema, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu siku ile. "Umekata wewe. Utaunga wewe."

Nikasimamisha cherehani. Nikamwambia, "Ingia ndani."

Nilikuwa na karatasi za kaki za kukatia mifano ya magauni. Tukapika uji mzito wa unga wa ngano, ndio gundi yetu, na kila siku akitoka kazini tunakaa chini, mimi nalaza nusu ya baba, yeye analaza nusu ya mama, tunabandika juu ya kaki. Siku ya pili aliacha kubandika. Akachukua ukwapi mmoja wa baba yake, akafikiri kidogo, akauandikia utao wake mwenyewe, akanisomea. Yarabi! Ulikuwa mtamu. Nisiwafiche, ulikuwa mtamu kuliko wa mama yake.

"Naweza, Bi Mwajabu," akasema. "Nikitaka naweza kumfuta yeyote kati yao, na watu watanisifu. Ndicho kinachonitisha." Akakichana kile kikaratasi vipande vipande, akalia sana, akajipangusa, tukaendelea.

Lakini kulikuwa na jambo hatukulijua. Bi Mwantumu, kwa hasira, alikuwa ameupunguza ukingo wa nusu zake kwa wembe, ili asione hata mkia wa neno la mumewe. Maalim naye alikuwa amechana ukingo wa zake kwa rula. Kila tulipoziweka pamoja, katikati palibaki pengo la upana wa kidole, kutoka juu mpaka chini. Ukwapi upo, utao upo, vina vyote havipo. Mahali pengine Saumu aliweza kukisia. Mahali pengi hakuweza, kwa sababu mashairi mengine yalitungwa hajazaliwa.

Nikamwambia, "Mwanangu, haya si ya gundi tena."

"Najua," akasema. "Hapa wanatakiwa wenyewe."

Akampelekea baba yake habari kwamba utao uko tayari, aje kwangu Jumamosi baada ya adhuhuri. Akamwambia mama yake kwamba ukwapi uko tayari, aje kwangu Jumamosi baada ya adhuhuri. Hakusema uongo, vyote vilikuwa tayari.

Maalim alifika kwanza, akakaa kwenye kiti cha wateja. Bi Mwantumu akaingia, akamwona, akageuka kutoka. Saumu alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Mama, ukitoka leo sitakuja tena kwako. Na wewe baba, ukitoka, kwako vilevile. Nimechoka kupita barabara tano kila Ijumaa nikiwa nusu mtu."

"Unatutisha?" Maalim akauliza.

"Nakuarifu, baba."

Bi Mwantumu alimtazama binti yake, kisha akakaa, amempa Maalim bega. Saumu akaweka zile kaki juu ya meza yangu ya kukatia.

"Utao uko wapi?" Maalim akasema.

"Huu hapa. Wa mama."

"Na ukwapi?" Bi Mwantumu akasema.

"Huu hapa. Wa baba."

"Nilikwambia uandike mwenyewe!" Wakasema wote wawili, na kusema pamoja kukawatia haya.

"Mliniambia nimfute mmoja wenu kwa mkono wangu," Saumu akasema. "Mkono huu mmeufundisha nyinyi wawili. Sifuti mtu. Kitabu kitakwenda na majina mawili, au hakiendi. Sasa nisikilizeni, nina kazi hapa na Idi haingoji."

Akachukua ukurasa wa juu, akasoma. "Safari yangu ya... halafu pana pengo, halafu, sijui narudi lini. Safari ya nini?"

Maalim akajikuna kidevu. "Mbali," akasema. "Safari yangu ya mbali."

"Bara," Bi Mwantumu akasema, anautazama ukuta. "Wewe ulitaka mbali. Nikakwambia mbele kuna hasara na ishara, utakwama. Ndipo ukaweka bara."

Maalim akafikiri. "Kweli," akasema. "Ni bara."

Saumu akaandika bara ndani ya pengo, akafungua wa pili. Wa pili Bi Mwantumu alikwama, Maalim akaukumbuka. Wa tatu wakabishana. Wa nne wakabishana zaidi, mpaka Bi Mwantumu akageuka kumtazama ili ambishie vizuri, na hakurudi tena kuutazama ukuta. Mimi nilijifanya nashona, lakini uzi ulikuwa umetoka kwenye sindano zamani. Walijaza ukurasa baada ya ukurasa mpaka adhana ya magharibi ikakaribia. Hakuna ukurasa hata mmoja ambao mmoja wao aliumaliza peke yake.

Saumu akabakisha karatasi moja. Akaishika kwa mikono miwili, akasoma polepole.

"Alizaliwa... mwezi wa mfungo mwema."

Akaweka kidole juu ya pengo.

"Hapa neno nalijua," akasema. "Sihitaji kuambiwa. Nataka tu mniambie nyinyi wenyewe limekwenda wapi."

Maalim akainyoosha shingo atazame. Nikamwona anaelewa. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Nilichana kwa rula," akasema. "Nilidhani nachana ukingo tu."

"Na mimi nilikata kwa wembe," Bi Mwantumu akasema. "Nilidhani naondoa maneno yako, Maalim. Kumbe nimelikata jina la mwanangu. Jina la mwanangu mwenyewe!" Akajifunika uso kwa ukaya wake wa kichwani, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya talaka wala siku ya mkasi. Nami nikalia, kwa sababu mkono wa kwanza kupita pale ulikuwa wangu.

Maalim ndiye aliyeanza. Alisema ukwapi kwa sauti ya chini, akangoja. Kutoka ndani ya ukaya ukaja utao. Wakaenda hivyo hivyo, yeye kipande, yeye kipande, mpaka ubeti ukasimama mzima:

Alizaliwa Saumu, mwezi wa mfungo mwema,
Nyumba ilikuwa ngumu, imeingia rehema,
Ameishika kalamu, na hajajua kusema,
Ewe Mola muadhamu, mlee, mpe uzima.

Saumu aliandika jina lake mwenyewe katika lile pengo. Herufi zikatoka mbaya, na hakuzifuta.

Kisha Maalim akasema, "Mwantumu, nilikosa. Lile shairi la redioni lilikuwa letu. Nilitaka nisikie jina langu peke yake, mara moja tu maishani. Nikalisikia. Tangu siku hiyo sijatunga mshororo hata mmoja."

"Nimekusamehe," Bi Mwantumu akasema, na niliona kwamba amesamehe kweli.

"Basi nitume watu kwa kaka yako. Nikuoe upya."

Jamani, moyo wangu ulikuwa unapiga kelele: kubali, kubali! Saumu alikuwa ameweka kalamu chini. Bi Mwantumu alijipangusa macho, akalikunja lile pindo la ukaya, hakuharakisha.

"La, Maalim," akasema. "Nilikupenda mpaka nikakuachia jina langu, na jingine sina. Nikirudi kwako nitakuwa nasikiliza redio kila siku kwa wasiwasi. Ndoa yetu imekatika, tuiache ilivyokatika. Vyungu tumegawana, kitanda tumegawana, sawa. Lakini huyu, na hiki kitabu," akamshika Saumu mkono, akauweka juu ya zile kaki, "tulitaka kugawana kina cha kati. Kina cha kati hakikatiki."

Maneno yale yalimwingia Maalim, yakamuuma, na akayakubali. Akavaa kofia yake.

Saumu akauliza, "Kwa hiyo Ijumaa nije kwa nani?"

"Njoo unakotaka," mama yake akasema. "Usiulize tena swali hilo."

"Wala usije kwa zamu," baba yake akaongeza. "Wewe si mlinzi."

Saumu akacheka huku machozi yanamtoka. Siku tatu kabla ya Idi mswada ulikuwa posta, umepigwa taipu wote, na majina mawili yako juu, la baba na la mama, mstari mmoja. Maalim na Bi Mwantumu hawakuoana tena. Maalim hakuoa mwingine. Bi Mwantumu aliolewa baada ya miaka mitatu na fundi seremala asiyejua ubeti hata mmoja, na Maalim alikwenda kula biriani ya harusi. Alirudi mapema, nikamsikia kwa upande wa pili wa ukuta akitembea chumbani mpaka kulipokucha. Alimpenda mpaka mwisho wake, hilo msilitilie shaka. Lakini Saumu aliingia nyumba zote mbili bila kubisha hodi, na hakuna aliyemuuliza kwa mwenzake kuna nini.

Maneno yale niliyasema mimi kwa wateja wangu, na mnajua fundi wa nguo akisema jambo linakwenda wapi. Likazunguka Ngamiani yote, likapanda treni. Watu wakawa wakiwaona wawili walioachana wanavutania mtoto, huyu anataka amchukie yule, yule anataka amsahau huyu, wanawaambia lile lile aliloambiwa Maalim. Wengine hawajawahi hata kusoma shairi, lakini wanalisema na wanalielewa.

Ugomvi ni wa waliooana. Walioachana wagawane nyumba, wagawane sufuria, hata barabara za kupitia wakitaka wagawane, kila mmoja yake. Mtoto asiambiwe akate. Nami niliyeshika mkasi nawaambia, nilikata kwa mkono usiopinda, kurasa tisini na sita, na hakikukatika.

Kina cha kati hakikatiki.